Machozi ya Sinema na Mlango wa Toba



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kupokea toba za waja wake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu wasomaji, na hasa kina mama na mabinti ambao ndio nguzo za nyumba zetu, juma hili napenda tuzungumze habari ya machozi. Sikusudii machozi ya msiba wala ya maradhi. Nakusudia yale yanayomtoka mtu aliyekaa salama kwenye mkeka wake, ameshiba, watoto wake wamelala, naye anamlilia mtu aliyemo ndani ya sinema. Mtu ambaye hakuzaliwa, hatakufa, wala hana kaburi la kuzuriwa.

Hapa Ruiru ninapoishi, machozi hayo ni ya kila siku. Mji huu umejaa watu waliotoka kwao. Wako waliofuata kazi za viwandani na za ujenzi, wako wanafunzi wa vyuo vilivyo kando ya barabara kuu ya Thika, na wako jamaa zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi waliofanya maskani hapa bila kuacha lafudhi zao wala pilau ya Ijumaa. Jioni ikiingia, simu na televisheni huwashwa. Katika vibanda vya video hupigwa filamu zilizosimuliwa upya na DJ Afro, yule msimulizi Mkenya anayewatia wachezaji wa Kichina na wa Kihindi maneno ya Kiswahili cha mtaani, hata asiyejua lugha yao akacheka na kusikitika pamoja na wenziwe. Tanzania nao walikuwa na Lufufu, aliyeifanya kazi iyo hiyo.

Wengi huniuliza: "Sheikh, kutazama sinema kwafaa?" Suali hilo lina mahali pake, na wanazuoni wamelizungumza kwa urefu. Kwa ufupi, kinachotazamwa kisiwe na uchafu, kisiipite sala, wala kisile haki ya mume, mke, mtoto au kazi. Lakini leo nina suali jingine. Kwa nini moyo unaomsamehe mwizi wa sinema kwa muda wa saa tatu unashindwa kumsamehe kijana wa jirani kwa muda wa miaka kumi?

Bibi zetu na mwana wa jaji

Watu wa Pwani hawakungoja simu za mkononi ndipo wakalia. Tangu miaka ya 1950 filamu za Kihindi zilipokewa Mombasa na Unguja kama jamaa waliorejea safari. Unguja, ambako jumba la Majestic lilisimama pale Vuga, palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ili kina mama wenye kujisitiri nao wapate nafasi. Mahadhi ya filamu hizo yakahamia kwenye taarabu yetu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alipata sifa kubwa kwa kuimba maneno ya Kiswahili kwa sauti za Kihindi.

Katika filamu zilizopendwa mno ni Awaara, ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Raj Kapoor, naye mwenyewe akacheza pamoja na Nargis. Mmoja wa walioandika kisa chake ni Khwaja Ahmad Abbas. Bila shaka wako bibi zetu wanaokikumbuka hadi leo.

Ndani yake yumo jaji mwenye itikadi moja: mwana wa mwema huwa mwema, na mwana wa mwizi huwa mwizi. Kwa itikadi hiyo alipata kumtia hatiani mtu aitwaye Jagga, kwa kuwa baba yake alikuwa mhalifu. Jagga akawa jambazi kwelikweli, akaapa kulipiza kisasi. Akamteka mke wa jaji, kisha akamrudisha alipojua kuwa ni mjamzito. Watu wakanong'ona, jaji akaingiwa na shaka, akamfukuza mkewe usiku akiwa na mimba. Mtoto akazaliwa njiani, akakulia kwenye dhiki. Siku moja akaiba mkate kwa ajili ya mama yake mwenye njaa, akafungwa. Alipotoka, aliyemnyooshea mkono hakuwa mwalimu wala imamu wala jirani. Alikuwa Jagga. Hivyo mwana wa jaji akafanywa mwizi, na itikadi ya baba yake ikaanguka mbele ya macho ya watazamaji wote.

Kwetu sisi itikadi ya jaji huyo si ngeni. Tunayo katika methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Tunaisema pale mchumba anapokuja kuposa, tukaulizana habari za babu yake. Tunaisema pale mtoto wa fulani anapogombana na wenziwe madrasani. Na bibi zetu waliokuwa wakiisema ndio hao hao waliotoka sinema macho mekundu, wakimwombea kijana Raj apate nusura.

Mwishoni mwa filamu Raj hukumu yake ni kifungo cha miaka 3. Haachiwi huru ati kwa kuwa kisa chake kinaliza. Anaahidi kujirekebisha, na binti aliyempenda anaahidi kumngoja. Filamu inakwisha hapo, mlango wa jela umefungwa na mlango wa matumaini umeachwa wazi. Nawaomba tuukumbuke mwisho huo, maana tutaurejea.

Mfalme aliyemwacha mtoto

Tuje kwa wanetu. Mwezi wa Februari 2018 filamu ya Kimarekani Black Panther ilionyeshwa kwa shangwe kubwa mjini Kisumu, kwa kuwa ndani yake yumo Lupita Nyong'o, binti wa Profesa Anyang' Nyong'o aliyekuwa gavana wa Kisumu. Vijana wetu wengi wa Kenya waliipenda mapenzi makubwa. Hata Chadwick Boseman, aliyecheza mfalme T'Challa, alipofariki kwa saratani ya utumbo tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na umri wa miaka 43, wapo waliomlilia kana kwamba wamefiwa nyumbani.

Nimewasikiliza wanafunzi wakiizungumza filamu hii, nikaona jambo la ajabu. Wengi hawamlilii mfalme. Wanamlilia adui yake, Killmonger. Na adui huyu si mtu wa kusifiwa: ameua watu wengi mno na ana kiburi. Basi kwa nini wamlilie?

Ni kwa sababu wamekiona kisa chake tangu mwanzo. Baba yake, mwana wa ukoo wa kifalme, aliuawa katika mji wa Oakland, Marekani, na mwenye kumuua alikuwa ndugu yake mwenyewe, mfalme wa wakati huo. Kisha mfalme akarudi kwao, akamwacha yule mtoto mdogo peke yake ugenini, ili siri isijulikane. Mtoto akakua na jeraha lake, akarudi akiwa mtu mzima mwenye silaha.

Killmonger hatubu. Anakufa na ukaidi wake. Anayebadilika ni mfalme T'Challa. Anapojua kwamba baba yake alimtupa mtoto wa ndugu yake, anawaambia wazee waliotangulia kwamba walikosea. Mwishoni anakwenda kwenye jengo lile lile la Oakland alikoachwa mtoto, akaligeuza kuwa mahali pa kuwasaidia watu wa mtaa ule.

Tuziweke filamu hizi mbili pamoja, ya 1951 na ya 2018, ya bibi na ya mjukuu. Katika zote mbili mkosaji ana kosa lake, wala hakuna anayelifuta. Lakini nyuma yake amesimama mwenye cheo na heshima, jaji au mfalme, aliyemfungia mtoto mlango. Twauliza kila siku kama mkosaji aweza kubadilika. Ni mara chache tunauliza kama mwenye kumhukumu naye aweza kubadilika.

Kwa nini ni rahisi kusamehe kwenye sinema

Nimelifikiri jambo hili, nikaona sababu tatu.

Ya kwanza ni kuwa sinema hutuonyesha utoto wa mtu kabla ya kosa lake. Tunauona mkate kabla ya wizi. Kwenye mtaa mambo huwa kinyume: twapata habari ya wizi kwanza, na habari ya mkate hatuipati kabisa. Kijana wa nyumba ya tatu tunamjua kwa jina moja tu, teja. Aliyemvutisha unga mara ya kwanza, na siku aliyotolewa shule kwa kukosa karo, hayo hatuyajui wala hatuulizi.

Ya pili ni kuwa msamaha wa sinema hauna gharama. Raj hakutuibia sisi. Hakuuza kabati letu, hakutuaibisha mbele ya wakwe, hakumpiga mama yetu. Kumlilia ni bure. Kijana wa nyumbani ametugharimu, na kumpokea tena huenda kukatugharimu zaidi. Haifai sheikh kusimama juu ya mimbari akajifanya hajui hilo.

Ya tatu ni kuwa sinema hukomea pale kazi inapoanza. Mkosaji hutubu, muziki hupanda, taa huwashwa. Hatuoni asubuhi ya pili yake, anapotafuta kibarua na kuulizwa alikuwa wapi miaka miwili iliyopita. Hatuoni usiku wa arubaini, rafiki wa zamani anapompigia simu. Toba ya kweli haina muziki. Ina Alfajiri nyingi za kuamka peke yako, na watu wengi wa kukutazama kwa jicho la shaka.

Simu iliyokatwa

Sisi wa Ruiru jambo hili tunaishi nalo ukuta kwa ukuta. Mjini mwetu pana gereza, na pana chuo kinachofunza askari wa magereza wa nchi nzima. Thika pia kuna magereza, la wanaume na la wanawake. Kila mara kuna mtu anayetoka langoni na mfuko wa nailoni mkononi, akauliza matatu inapita wapi.

Baada ya darsa ya kina mama siku moja ya Jumamosi, mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Pwani anayeishi hapa na wajukuu zake, alibaki nyuma ya wenziwe. Akanieleza habari za mwana wa dada yake. Kijana alitumbukia katika unga, akaanza kuiba, na wizi wake wa kwanza ulikuwa nyumbani: alichukua bangili za dhahabu za mama huyu, akaziuza. Bangili zile alipewa na marehemu mumewe siku ya harusi yao. Baadaye kijana akaiba kwa watu, akafungwa. Sasa ametoka, na amempigia simu: "Mamkubwa, nipokee. Vijiwe vyangu vyote vya Mombasa ni vya unga. Nikirudi huko, narudi kule kule."

Kisha mama akaniambia maneno ambayo sikuyatarajia. "Sheikh, mimi napenda Mother India. Sijui nimeitazama mara ngapi."

Kwa wasioijua, hii ni filamu ya mwaka 1957 ya Mehboob Khan, ambamo Nargis anacheza mama mkulima aliyewalea wanawe kwa taabu kubwa. Mwana mmoja, Birju, anageuka jambazi. Anapomteka msichana wa kijiji, mama anampiga risasi mwanawe mwenyewe ili kuilinda heshima ya msichana yule, kisha anamkumbatia akiwa anakata roho.

"Kila nikiitazama namlilia yule mwana," akasema. "Juzi nilikuwa nimetoka kumlilia, hata machozi sijafuta, simu ikaita. Nikaona ni yeye, mwana wa dada yangu. Nikaikata. Tangu siku hiyo sina raha. Machozi yangu ni ya kazi gani, Sheikh?"

Ndugu wasomaji, suali la mama huyu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hamza, Hind na Wahshi

Sikumjibu kwa kumlaumu. Nilimuuliza kama ameiona filamu ya The Message, ambayo Waarabu huiita Ar-Risala. Akasema ameiona, na kwamba alilia Hamza (r.a.) alipouawa.

Wengi wetu tumelia hapo. Filamu hiyo ilitengenezwa na Moustapha Akkad, Msyria aliyehamia Marekani, ikatoka mwaka 1976. Aliitengeneza mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kila moja na wachezaji wake. Katika ile ya Kiingereza aliyecheza Hamza ni Anthony Quinn, na katika ya Kiarabu ni Abdullah Gaith. Mtume (s.a.w.) haonyeshwi wala sauti yake haisikiki. Pamoja na hayo, mwezi wa Machi 1977 kikundi chenye silaha kilivamia majengo matatu mjini Washington, kikateka watu zaidi ya 100, na mwanahabari mmoja akauawa. Miongoni mwa madai yao ni kwamba filamu hiyo izuiwe, kwa dhana kuwa imemwonyesha Mtume. Mabalozi wa Misri, Iran na Pakistan wakasaidia kuwatuliza kwa mazungumzo. Damu ilimwagika kwa sababu, pamoja na mengineyo, watu walihukumu wasichokiona. Tunaowahukumu vijana wetu kwa kusikia tu, tulizingatie hilo.

Tumrejee Hamza. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, aliuawa kwa mkuki wa Wahshi, na mwili wake ukachezewa. Mtazamaji anapotoka hapo huwa amewachukia watu wawili: Wahshi, na Hind binti Utba.

Lakini kila mmoja wa hao alikuwa na kisa. Hind alifiwa siku moja, katika vita vya Badr, na baba yake, ami yake na ndugu yake. Wahshi alikuwa mtumwa. Bwana wake, Jubayr bin Mut'im, ambaye ami yake pia aliuawa Badr, alimwahidi uhuru kama angemuua Hamza. Kisa si udhuru wa kufuta dhambi. Hata hivyo anayekijua hashangai dhambi ilitokea wapi.

Na mwisho wao ulikuwaje? Hind alisilimu mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba alimwambia Mtume maneno yenye maana hii: zamani hapakuwa na nyumba aliyotamani idhalilike kuliko nyumba ya Mtume, na sasa hapana nyumba anayotamani ipate utukufu kuliko hiyo. Tazama moyo ulivyogeuka! Wahshi naye alikimbilia Taif, kisha akaja Madina kusilimu. Mtume (s.a.w.) aliukubali Uislamu wake. Wapo wafasiri walioihusisha naye ile aya ya 53 ya Suratuz-Zumar, inayowakataza waliojidhulumu nafsi zao wasiikatie tamaa rehema ya Mwenyezi Mungu.

Sasa tusikilize sehemu ambayo wengi huipita haraka. Baada ya kumkubali, Mtume alimuuliza Wahshi kama ataweza kumwepushia uso wake asiuone. Hamza alikuwa ami yake, na ndugu yake wa kunyonya. Uchungu ulikuwapo. Mbora wa viumbe alisamehe, na akaeleza wazi kwamba jeraha bado linauma. Hakumfukuza Wahshi katika umma, wala hakujilazimisha kukaa naye.

Wahshi aliishi na hilo. Baada ya Mtume kufariki alitoka na jeshi la Waislamu kwenda Yamama, na kwa mkuki wake akamrushia Musaylima, yule aliyedai utume wa uongo. Yeye mwenyewe akisimulia kwamba kwa mkuki ule aliua mmoja katika wabora wa watu, na kwa mkuki ule ule akaua mmoja katika waovu wao. Kisa hiki filamu haikukifikia, kwa sababu inakomea kabla yake. Aliyetoka sinema akiwa amemchukia Wahshi alitoka kabla hadithi haijakwisha.

Nikamwambia mama yule: "Mama, hukulazimishwa kumpa ufunguo wa kabati. Kusamehe ni kitu kimoja, na kumwamini mtu kwa mali ni kitu kingine, huja polepole. Lakini simu ipokee."

Mji wa kuhamia

Mnaijua hadithi ya mtu aliyeua watu 99, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.). Mtu huyo alimwendea mcha Mungu mmoja akamuuliza kama ana toba. Yule akamwambia hana, naye akamuua, wakatimia 100. Kisha akamwendea mwanachuoni. Huyu akamwambia kuwa hapana wa kumzuia baina yake na toba, ila aihame ardhi yake mbaya, aende ardhi fulani ambayo watu wake wanamwabudu Mwenyezi Mungu. Akafa njiani. Malaika wa rehema na wa adhabu wakagombana juu yake. Ilipopimwa masafa, alionekana yu karibu zaidi na ule mji mwema kwa shibiri moja, akachukuliwa na malaika wa rehema.

Twaisoma hadithi hii kwa kumtazama muuaji, na hiyo ni haki. Lakini tuutazame na ule mji alioelekezwa. Mwanachuoni hakumwambia arudi kwao akajikaze. Alijua kwamba toba hutaka watu wa kukaa nao. Na lau angefika salama, pangekuwa na mlango mmoja ambao angeubisha. Je, angefunguliwa?

Ruiru ni mji wa kuhamia. Vijana wetu wengi wa Pwani huletwa huku na wazazi wao ili wabadilishe mazingira. Swali si kama wao wako safarini, bali ni kama sisi ndio ule mji mwema, au ni mji mwingine tu wenye makufuli.

Tufanye nini nyumbani

Kwanza, tukitazama filamu na watoto wetu, tusiizime na kwenda kulala. Tuwaulize: huyu mbaya alikuwa mtoto wa nani? Nani alimfungia mlango? Nani angeweza kumfungulia? Kisha tuulize swali gumu: je, mtaani kwetu nani yuko kama yeye? Machozi yaliyoulizwa maswali hugeuka kuwa elimu.

Pili, tusiseme mbele ya watoto kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Umar bin al-Khattab (r.a.) alitoka nyumbani na upanga akikusudia kumuua Mtume, akaja kuwa Amirul-Muuminin. Na pale tunaposema samaki mkunje angali mbichi, tuwaambie kwamba methali hiyo ni onyo kwa mlezi asichelewe. Isiwe hukumu juu ya mtu mzima kwamba kwake mlango umefungwa.

Tatu, anayetaka kuacha unga asiambiwe avumilie tu na asome dua. Dua ni silaha ya muumini, na matibabu pia ni katika sunna. Dawa ya methadoni ilianza kutolewa katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na Malindi mwaka 2015, na baadaye vituo vimeongezeka. Mpelekeni, msindikizeni, mngojeni nje. Mwenye kunywa dawa kila siku chini ya uangalizi asiitwe teja. Huyo ni mgonjwa anayejitibu.

Nne, tuweke mipaka bila kumvunjia mtu heshima. Mwenye dhahabu aiweke mahali salama. Mwenye mabinti apange malazi kama sheria inavyotaka. Aliyeumizwa ana haki ya kusema, kama Mtume alivyosema kwa upole, kwamba bado anaumia. Lakini salamu isikatwe, wala sahani ya chakula, wala nafasi katika safu ya sala.

Tano, mzigo huu tusimtupie mwanamke mmoja. Aghalabu mama au mamkubwa ndiye hubaki na mkosaji peke yake, na wanaume wa ukoo wakajitenga wakingoja kulaumu. Ami, mjomba, imamu na kamati ya msikiti wana fungu lao. Mmoja atafute malazi, mwingine kibarua, mwingine amwamshe kwa Alfajiri.

Ndivyo tulivyofanya kwa kijana yule. Halali kwa mamkubwa wake. Amepewa chumba pamoja na kijana mwingine wa msikitini, anapelekwa kituo cha matibabu, na anabeba mizigo sokoni. Ijumaa baada ya sala hula pilau kwa mamkubwa, sebuleni, mlango wa ndani ukiwa umefungwa. Hilo analijua, na hakulalamika. Ijumaa moja hakuja, mama akashinda na wasiwasi. Ijumaa iliyofuata akaja. Ndiyo miezi mitatu sasa, na siwezi kuwaahidi wa nne utakuwaje. Aonaye ya mbele ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Mama ananiambia kuwa Mother India bado anaitazama, na bado analia. Nami sikumkataza. Moyo unaolia juu ya mkosaji ni moyo ambao haujafa, na hiyo ni neema. Ila neema hiyo ina haki yake, nayo ni kwamba machozi yakiisha kufutwa, mkono ule ule uliofuta uende kwenye kitasa cha mlango.

Ewe Mwenyezi Mungu, Mwenye kuzigeuza nyoyo, zithibitishe nyoyo zetu katika dini yako. Warejeshe wanetu waliopotea, wape shifaa waliozamishwa na ulevi, na utufanye sisi kuwa watu wa mji ule mwema ambao mwenye kutubu akiubisha mlango wake hufunguliwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.